KUGAWA SILABI NA KUTAMKA MANENO MAREFU YA KIINGEREZA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaoandika au kusoma barua za kiofisi kwa Kiingereza wanakumbushwa kwamba neno refu la lugha hiyo halisomwi kwa kanuni za Kiswahili. Katika Kiswahili kila irabu hutamkwa, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: soma, somesha, someshana. Katika Kiingereza mkazo mara nyingi hutii kiambishi cha mwisho, na silabi zisizo na mkazo hufifia.

Lichukuliwe neno "administration". Lina herufi 14 na silabi 5: ad-min-is-TRA-tion, herufi kubwa zikionyesha penye mkazo. Sehemu ya mwisho, "-tion", ni silabi moja inayokaribia "shn". Anayetamka "ti-o-ni" ameongeza silabi mbili zisizokuwamo. Kiambishi hicho huvuta mkazo kwenye silabi inayokitangulia, kama katika "education" na "registration". "-ity" nacho huvuta: "responsible" lina mkazo kwenye "spon", lakini "responsibility" huuhamishia kwenye "bil". Katika "electric" na "electricity" hata sauti hubadilika, "k" ikawa "s". Viambishi "-ment" na "-ness" ni vipole, haviugusi mkazo: de-VEL-op, de-VEL-op-ment.

Urefu wenyewe usimtishe msemaji wa Kiswahili. Yeye hutamka "hawatatufundisha" bila ya kusita, kwa kuwa anajua kila kipande kina kazi gani. Vivyo hivyo "internationalization", lenye herufi 20, shina lake ni "nation", yaani taifa. "Inter-" ni baina, "-al" hufanya sifa, "-ize" hufanya kitenzi, na "-ation" hukigeuza kitenzi kuwa jina. Wataalamu wa kompyuta, kwa kuchoka kuliandika, hulifupisha "i18n", wakihesabu herufi 18 zilizomo katikati. Lililo gumu zaidi ni "strengths": herufi 9, silabi moja tu, na ulimi wa Mswahili hutamani kupachika irabu kati ya konsonanti zake.

Kukosea mkazo kunaweza kugeuza maana. "In-VAL-id" ni batili. "IN-va-lid" ni mgonjwa asiyejiweza. Afisa anayetaka kumweleza mgeni kwamba pasi yake imekwisha muda, akauweka mkazo mwanzoni, amesema jambo jengine kabisa. Aliyepita chuoni hatalistaajabia hilo, kwani alifundishwa mapema kutofautisha "qalb", moyo, na "kalb", mbwa.

Makarani nao wana lao, nalo ni kukata neno mwishoni mwa mstari. Desturi ya zamani ya Uingereza hufuata muundo wa neno, ikakata "know-ledge". Kamusi za Marekani hufuata matamshi, zikakata "knowl-edge". Ofisi ichague desturi moja na barua zote ziifuate. Neno la silabi moja, kama "through", lisikatwe kabisa, wala herufi moja isiachwe peke yake. Tena lipo neno "legend", yaani hekaya, ambalo kamusi za Marekani huruhusu likatwe "leg-end": msomaji akifika hapo huona kwanza "mwisho wa mguu". Neno kama hilo ni bora lishushwe zima mstari wa pili.