Faili Likifutwa, Usiguse Diski

Msimu wa viazi uliopita karani wa mnunuzi mmoja wa Makambako alinipigia simu asubuhi, sauti inatetemeka. “Fundi, nimefuta malipo yote ya wakulima.” Alikuwa akitafuta nafasi ya picha kwenye flashi, na kilichofutwa kwenye flashi hakipiti kwenye kapu la taka la kompyuta. Nikamuuliza, “Umeandika kitu kingine humo?” Bado. “Basi ichomoe, uitie kwenye bahasha, nakuja.” Nikapanda gari kutoka Njombe.

Simu ile ndiyo iliyookoa kazi. Kompyuta ikifuta faili haikwangui maandishi. Inaondoa jina kwenye faharasa na kuitangaza nafasi kuwa wazi. Hata mashine kubwa za IBM zinazobeba hesabu za mabenki ziko hivyo. Kila diski ina faharasa iitwayo VTOC, na kwa kawaida ukifuta seti ya data kinachoondoka ni habari zake humo. Data yenyewe inabaki mpaka kazi nyingine iandike juu yake. Huko mwite msimamizi wa mfumo papo hapo, azuie kazi zinazoomba nafasi kwenye diski hiyo, kisha arudishe data kutoka nakala ya akiba kama ipo.

Kwa flashi au diski ya kawaida, usipakue programu ya uokoaji kwenye diski iliyopoteza faili. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Tumia kompyuta nyingine, tengeneza kwanza nakala ya diski nzima, ufanye kazi kwenye nakala hiyo. Mimi huanza na TestDisk, programu ya bure, kwa sababu mara nyingi hurudisha faili na jina lake. Ikishindwa, PhotoRec hutafuta faili kwa kutambua umbo lake, ila majina hupotea, hivyo utafungua moja moja. Kinachopatikana kihifadhi kwenye diski tofauti. Diski za SSD ni ngumu zaidi: nyingi husafisha nafasi iliyofutwa zenyewe, wakati mwingine ndani ya dakika chache.

Makambako tulipata karibu kila kitu. Faili la wiki moja liligoma, tukalijaza upya kwa mkono, tukisoma stakabadhi za wakulima moja moja hadi saa moja usiku. Usitupe stakabadhi za karatasi.