Chakula cha Mchana Shuleni: Je, Mtoto wa Asiyeweza Kulipa Ale Bure?

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya sufuria ya shule.

Katika vijiji vingi vya Tanzania mambo huwa hivi. Wazazi hukutana, wakakubaliana ya kwamba kila mmoja atatoa debe la mahindi na kiasi fulani cha maharage, pamoja na fedha kidogo ya mpishi na chumvi, ili watoto wapate makande au uji wakati wa mchana. Wengi hutoa. Wachache hawatoi, na katika hao wachache wamo wasiotaka, na wamo wasioweza. Kengele ikilia, watoto wa waliotoa hushika sahani zao wakapanga mstari, na wale wengine huambiwa wakae kando, au waende nyumbani, hali wajua wenyewe ya kuwa nyumbani jiko halikuwashwa. Baada ya saa moja wote huingia tena darasani, na mwalimu hufundisha hesabu ile ile kwa walioshiba na kwa wenye njaa. Swali letu ni hili: je, yafaa watoto hao wa wasioweza wale bure, au haifai?

Neno hili halikuanza kwetu. Waingereza walibishana juu yake kwa miaka mingi, na kwa kuwa habari zao zimeandikwa vizuri, twaona yafaa tuzisome kwanza, kisha turudi kwenye sufuria yetu.

Mwaka 1870 Bunge la Uingereza lilifanya sheria ya kueneza shule kwa watoto wa watu wote. Aliyeipeleka Bungeni alikuwa Bwana W. E. Forster, mjumbe wa Bradford, mji wa viwanda vya sufu. Mwaka 1880 watoto wakalazimishwa kuhudhuria, na mwaka 1891 karo ikaondolewa katika shule nyingi. Watu wakadhani kazi imekwisha. Lakini waalimu waliona jambo ambalo wenye kutunga sheria hawakulitazamia: mtoto aliyelazimishwa kuja shuleni alikuja pamoja na njaa yake. Zamani alipokuwa akizurura mitaani njaa ile haikuonekana na mtu. Sasa ilikaa kwenye dawati mbele ya mwalimu kila siku.

Katika mji huo huo wa Bradford alikuwako bibi mmoja, Margaret McMillan, aliyechaguliwa katika Halmashauri ya Shule mwaka 1894, na bwana mmoja, Fred Jowett, mjumbe wa baraza la mji. Hao walisema wazi ya kwamba kumfundisha mtoto mwenye njaa ni kupoteza fedha za watu. Maneno yao hayakusikilizwa sana mpaka ilipotokea vita ya Waingereza na Makaburu wa Afrika ya Kusini, mwaka 1899 hata 1902. Vijana wengi waliokwenda kujiandikisha askari walikataliwa kwa udhaifu wa miili yao. Serikali ikashtuka, ikaweka kamati ya kuchunguza, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1904. Basi, huruma peke yake haikutosha kumlisha mtoto wa Kiingereza. Ilitakiwa hofu ya kukosa askari. Twalitaja jambo hili kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa linapendeza.

Mwezi wa Desemba 1906 Bunge likapitisha sheria ya chakula cha watoto wa shule. Haikulazimisha miji kuwalisha watoto, ila iliiruhusu. Mzazi mwenye uwezo atozwe. Asiye na uwezo, mtoto wake alishwe kwa sadaka za watu, na sadaka zisipotosha, kwa fedha za kodi ya mji, lakini kwa kiasi kidogo kilichowekewa mpaka. Na sheria iliweka neno jingine dogo ambalo twaomba mlitazame sana. Katika nchi ile, wakati ule, mtu aliyepokea msaada wa maskini kutoka serikalini alipoteza haki ya kupiga kura. Sheria hii mpya ilisema mzazi ambaye mtoto wake amelishwa shuleni hatapoteza kura yake. Maana yake, walitaka mtoto ale bila baba yake kushushwa heshima mbele ya watu.

Bradford hawakukawia. Mwaka 1907 mganga wa shule wa mji ule, Daktari Ralph Crowley, alichukua watoto 40 hivi wa maskini, akawapa chakula cha asubuhi na cha mchana kwa miezi kadhaa, naye akawapima uzito, akawalinganisha na wengine wasiolishwa. Waliolishwa waliongezeka uzito kuliko wenzao. Ilipofika likizo chakula kikakoma, na uzito wao ukashuka. Waliporudi kula ukapanda tena. Meza zao zilitandikwa vitambaa, zikawekwa maua, na wasichana wakubwa waliwahudumia wadogo. Wengine huenda wakacheka kusikia maua. Sisi hatucheki: mtoto aliyewekewa maua mezani hajioni mwombaji.

Wako waliopinga, na si watu wabaya. Chama kikubwa cha wahisani wa London kilichosimamia sadaka za maskini kilisema ya kwamba ukimlisha mtoto utamharibu baba. Ataona mzigo wake umechukuliwa na mwingine, naye atakwenda kunywa pombe. Hoja hii tumeisikia hata kwetu, katika mikutano ya vijiji, kwa maneno yale yale karibu. Hata hivyo Waingereza hawakurudi nyuma. Mwaka 1914 mpaka wa fedha ukaondolewa, na ruhusa ikatolewa ya kuwalisha watoto hata siku za likizo. Mwaka 1944, katikati ya vita kuu ya pili, chakula cha shule kikawa wajibu wa kila serikali ya mtaa. Baadaye wajibu huo ulipunguzwa, hasa kwa sheria ya mwaka 1980, lakini watoto wa maskini hawakuondolewa mezani. Tangu Septemba 2014 watoto wote wa madarasa matatu ya kwanza katika shule za serikali za Uingereza hula bure, wa tajiri na wa maskini.

Kwa nini wa tajiri pia? Hapa pana somo. Kwa miaka mingi shule nyingi za nchi ile ziliwapa watoto wa bure tikiti za rangi nyingine, au ziliwapanga mstari wao peke yao. Watoto hawana haja ya kuelezwa maana ya mstari huo. Wengi waliokuwa na haki ya kula bure waliona afadhali kulala njaa kuliko kuonekana. Chakula kilikuwapo, fedha zilikwisha kulipwa, na mtoto hakula kwa ajili ya rangi ya karatasi.

Sasa turudi kwetu. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Tanzania hutoa elimu bila ada katika shule za msingi na sekondari za chini, kama Waingereza walivyofanya mwaka 1891. Watoto wengi mno wakaandikishwa. Lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa kuwa juu ya mzazi, na mahali pengi watu walisikia neno "bure" wasisikie mengine, wakaacha kutoa mahindi, na masufuria yakapinduliwa. Hivyo tumefika mahali pale pale pa Bradford: mlango uko wazi, na njaa imeingia pamoja na mtoto.

Yule asemaye kwamba baba atakuwa mvivu, twamjibu hivi. Ni kweli wako wazazi wenye mahindi ghalani wasiotoa debe kwa ukaidi. Hao waitwe na serikali ya kijiji, waonywe, na sheria ndogo za kijiji zitumike juu yao. Lakini wao ndio waitwe, si watoto wao. Mtoto wa miaka minane aliyenyimwa makande hawezi kumlazimisha baba yake kufungua ghala. Kumwadhibu yeye ni kumpiga ndama kwa kosa la ng'ombe.

Na yule mzee asemaye, "Sisi tulisoma na njaa, mbona tulisoma," huyo twamheshimu, lakini twamwomba awakumbuke wale waliokaa naye benchi moja wakaacha shule darasa la pili au la tatu. Ushindi wa wachache wenye nguvu hauonyeshi ya kuwa njaa ni mwalimu mzuri.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya mtu aliyetoa debe lake kwa taabu. Asema, "Mimi nami si tajiri. Kwa nini nimlishe mtoto wa jirani?" Huyu apewe hesabu, si hotuba. Tuseme mtoto mmoja hula gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku, na shule ina siku 190 kwa mwaka. Hizo ni kilo 19 za mahindi, yaani debe moja hivi, na maharage kilo 6 kasoro kidogo. Shule ikiwa na watoto 300, na 40 kati yao wazazi wao hawawezi kabisa, upungufu ni kilo 760 za mahindi na kilo 228 za maharage. Wagawieni wale 260 wanaoweza: kila mmoja ataongeza mahindi kilo 3 hivi na maharage yasiyofika kilo 1, kwa mwaka mzima. Au kijiji kitenge ekari mbili za shamba la shule, wazazi wazilime kwa zamu, na mahindi hayo yapatikane bila kuongeza debe la mtu. Twasema wazazi walime. Watoto wapelekwe shambani kujifunza kilimo kwa saa zake, wasifanywe vibarua wa chakula chao.

Nani ataamua yupi hawezi? Asiwe mwalimu peke yake, maana atalaumiwa na kila upande. Mwenyekiti wa kitongoji awajua watu wake: bibi kizee aleaye wajukuu yatima, mjane, mlemavu, mtu ambaye shamba lake lilikauka mwaka huu. Na majina yakikwisha kuandikwa yafungiwe katika sanduku la mwalimu mkuu. Yasisomwe mkutanoni, wala yasibandikwe ukutani. Bibi kizee akitaka kuleta mzigo wa kuni au mboga za shambani kwake, zipokewe na kuandikwa kama mchango wa wengine, kwa sababu ni mchango. Hata katika mji mkubwa wa Nairobi, ambako tangu mwaka 2023 serikali ya kaunti huwapa watoto chakula kwa malipo ya shilingi 5 za Kenya, watoto hupewa kifaa kidogo cha kuvaa mkononi chenye hesabu ya malipo yao. Fedha haipiti mbele ya macho ya wenziwe. Kijijini hatuhitaji kifaa. Yatosha mstari uwe mmoja na sahani ziwe za namna moja.

Tusifiche kwamba kulisha watoto kuna hatari zake. Bara Hindi, Mahakama Kuu ya nchi iliamuru mwezi wa Novemba 2001 kwamba kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali apewe chakula kilichopikwa, kisichopungua siku 200 kwa mwaka. Ni jambo kubwa, na mamilioni ya watoto hula kwa sababu ya amri ile. Lakini mwezi wa Julai 2013, katika shule moja ya jimbo la Bihar, watoto 23 walikufa baada ya kula, kwa kuwa chakula kiliingia dawa ya kuulia wadudu. Kwetu pia, mwaka 2016, watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya mahindi yasiyokaushwa na kutunzwa vizuri. Basi mahindi ya shule yakaushwe sawasawa, yawekwe juu ya mbao yasiguse sakafu, na yenye ukungu yatupwe, hata aliyeyaleta akinuna. Dawa ya wadudu isilale chumba kimoja na chakula, wala mafuta ya kupikia yasitiwe katika chombo kilichopata kuwa na dawa. Mpishi aonje kwanza, na mwalimu wa zamu naye, kabla ya watoto.

Limebaki neno la majira. Shule zetu hufunguliwa Januari, na kamati nyingi hudai debe mwezi huo huo. Katika mikoa ya kati, kama Dodoma na Singida, Januari hata Machi ndiyo miezi ambayo maghala yamekwisha na mazao mapya bado yako shambani. Mtu aliyeweza kutoa mwezi wa Julai, mwezi wa Februari ameingia katika hesabu ya wasioweza, naye si mkaidi wala si mvivu. Kwa hiyo mkutano wa kukadiria debe ufanywe Mei, kila mtu ayatazamapo mahindi yake yakikauka shambani. Mazao yapokewe Juni na Julai, na wapokeaji wawe watu wawili wenye daftari. Na orodha ya wale 40 iwe imekwisha kuandikwa na kufungiwa sandukuni kabla debe la kwanza halijapimwa.