Maktaba, Fomu ya Google na Pesa ya Kitabu: Tulichojifunza kwa Mkutubi

Wateja wetu wengi hulipia kila kitu kwa simu, kuanzia nauli ya matatu hadi maziwa ya asubuhi. Lakini ikifika kwa zile pesa ndogo ndogo za shule, mambo huwa ovyo kidogo. Pesa ya tripu, pesa ya fulana ya michezo, pesa ya kitabu kilichopotea: zote hutumwa kwa nambari ya mwalimu fulani, halafu baadaye ndipo maneno huanza.

Muhula uliopita tulikaa na mkutubi wa shule moja ya upili ya kutwa kule Makueni. Ni mteja wetu wa miaka mingi, na alitutafuta kwa sababu ya shilingi 850. Mzazi alisema amelipa kitabu cha Kemia. Mkutubi alisema hajaiona hiyo pesa. Katikati yao kulikuwa na kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, fomu yake ya kliarensi imekosa sahihi ya maktaba, na bila sahihi hiyo ofisi haikuwa inampa cheti. Kazi aliyoahidiwa Nairobi ilitaka cheti Jumatatu.

Tulimshauri mama aombe taarifa ya akaunti yake ya miezi sita. Alipoipata, hiyo hapo: shilingi 850, imetumwa kwa nambari ya mkutubi mwenyewe, mwezi wa saba. Kumbe mkutubi aliibiwa simu wiki hiyo hiyo. Aliirudisha laini, lakini ujumbe wa zamani ulienda na simu. Pesa iliingia kwenye salio lake, ikachanganyika na mshahara na pesa ya chama, ikatumika. Hakuna aliyeiba. Aliilipa shuleni kutoka mfukoni mwake siku hiyo hiyo, akapiga sahihi, kijana akachukua cheti. Lakini alituambia kitu ambacho hatujasahau: usiku ule hakulala, kwa sababu alianza kujiuliza ni wazazi wangapi wengine aliwaambia hawajalipa na walikuwa wamelipa.

Ndipo akaamua kuhamisha rekodi za maktaba kwenye mtandao. Alikuwa na kitabu cha kaunta, vile virefu vyenye jalada gumu, na kompyuta moja aliyoitumia kuchapa matangazo tu. Mwalimu wake akawa kijana wa Kidato cha Tatu kutoka klabu ya maktaba. "Madam, hapo usibonyeze," ndiyo sentensi aliyoisikia zaidi wiki ya kwanza. Alicheka akituhadithia, lakini tuseme ukweli, sio kila mtu mzima angekubali kufundishwa na mtoto anayemdai kitabu.

Vifaa alivyotumia ni vya bure: Google Sheets kwa orodha ya vitabu na madeni, na Google Forms kwa wazazi kujaza wakishalipa. Hapa ndipo tunataka ukae nasi kidogo, hata kama wewe si mkutubi. Kama unaweka hesabu ya chama, ya kanisa au ya mtaa, haya yatakupata tu.

Kosa la kwanza lilikuwa la sifuri. Nambari za usajili za wanafunzi wake zinaanza na sifuri, mfano 0456. Ukiandika hivyo kwenye jedwali, lenyewe linadhani umeandika hesabu, linatupa sifuri na kubakisha 456. Nambari za simu zinazoanza na 07 zinapata balaa hiyo hiyo. Kwa hiyo alipojaribu kulinganisha jedwali lake na taarifa ya malipo ya shule, hakuna kilichooana, akadhani nusu ya wazazi hawajalipa. Dawa yake ni rahisi: chagua safu nzima, ingia kwenye menyu ya umbizo, useme ni maandishi ya kawaida, sio nambari. Fanya hivyo kabla hujaanza kujaza, kwa sababu sifuri iliyotupwa hairudi yenyewe.

Kosa la pili lilikuwa la nambari ya muamala. Wazazi walikuwa wanaisoma kwenye simu na kuiandika upya kwa mkono. Herufi O inakuwa sifuri, herufi I inakuwa moja. Sasa fomu inawaambia wazi: nakili kutoka kwenye ujumbe, ubandike hapa. Na Google Forms ina mahali pa kuweka idadi ya herufi zinazoruhusiwa kwenye jibu, ya chini kabisa au ya juu kabisa. Aliweka idadi ya chini kabisa, kwa hiyo anayeruka herufi moja fomu inamkatalia hapo hapo. Sio adhabu, inamwokoa kupigiwa simu wiki ijayo.

Alifundishwa pia kulipaka jedwali rangi nyekundu pale nambari moja ya muamala inapoonekana mara mbili. Siku ya kwanza mistari minne ikawa nyekundu na moyo ukamruka. Miwili ilikuwa ya ndugu wawili ambao mama yao alilipa pamoja, kitu cha kawaida kabisa. Miwili mingine ilikuwa ya wazazi ambao hawajuani, na mmoja wao alikuwa ametumiwa ujumbe wa mwenzake kwenye kikundi cha WhatsApp akaujaza kama wake. Mkutubi hakupiga kelele. Alimpigia: "Baba, habari ya kazi. Hebu niangalizie huo ujumbe umetoka kwa kampuni yenyewe au umetumiwa na mtu?" Baba akanyamaza kidogo, kisha akalipa jioni hiyo.

Hapo tukamwambia jambo ambalo sisi kama kampuni tunalirudia kila siku. Fomu inakuonyesha mtu anasema amelipa nini. Taarifa ya akaunti inakuonyesha pesa gani imeingia. Ni vitu viwili tofauti, na picha ya ujumbe iliyotumwa WhatsApp iko upande wa kusema, sio upande wa pesa. Ujumbe unaweza kuhaririwa na hata kubuniwa wote. Usipige sahihi, usitoe kitabu wala bidhaa, kabla hujaiona pesa kwenye akaunti iliyopaswa kuipokea.

Na akaunti yenyewe isiwe ya mtu. Alizungumza na mwalimu mkuu na mhasibu, na sasa pesa ya vitabu inaenda kwa paybill ya shule. Kwenye sehemu ya nambari ya akaunti mzazi anaandika nambari ya usajili ya mtoto, kisha neno KITABU. Ujumbe wa kuthibitisha ukija, una jina la shule na ile akaunti uliyoandika, kwa hiyo ukikosea unajua mapema na unaripoti mapema. Kila Ijumaa mhasibu anampa taarifa ya malipo ya wiki, naye analinganisha mstari kwa mstari. Mkutubi hashiki tena hata shilingi moja. Alituambia hilo ndilo lililomrudishia usingizi, kuliko kompyuta.

Sasa tuje kwa jambo lililotutia wasiwasi zaidi. Ili wazazi waone wenyewe kama deni limefutwa, alitoa linki ya jedwali lake kwenye kikundi, na kwenye ruhusa akachagua kwamba yeyote mwenye linki anaweza kuhariri. Hakujua tofauti ya kuhariri na kutazama. Baada ya siku mbili, majina kadhaa yaliyokuwa "hajalipa" yakawa "amelipa". Bahati nzuri Google Sheets huhifadhi historia ya matoleo, akarudi kwenye jedwali la juzi na kila kitu kikawa kama mwanzo. Lakini kulikuwa na shida nyingine ambayo historia haiwezi kuirudisha nyuma: kila mtu kwenye kikundi alishaona majina ya watoto, nambari za simu za wazazi wao, na nani anadaiwa ngapi. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na taarifa za mtoto sio za kuanikwa kama nguo. Matapeli nao hupenda orodha kama hizo. Mtu akikupigia anajua jina la mtoto wako, darasa lake na deni lako la shilingi 850, utamwamini haraka sana.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wiki iliyofuata linki ya fomu nyingine ilizunguka kwenye kikundi, kichwa kile kile, rangi ile ile, "Malipo ya Maktaba". Tofauti ilikuwa swali moja mwishoni lililoomba PIN "ili kuthibitisha malipo". Mama mmoja alimpigia mkutubi kabla hajajaza: "Mwalimu, hii ya PIN ni yako kweli?" Haikuwa yake. Mkutubi aliandika kwenye kikundi ndani ya dakika tano, akairipoti fomu, akatupigia. Tunavyojua, hakuna aliyepoteza pesa.

Ukikutana na fomu kama hiyo, angalia chini kabisa. Google wenyewe huandika pale kwa maandishi madogo kwamba usiwahi kutuma pasiwadi kupitia fomu zao. PIN yako unaibonyeza kwenye simu yako, ukiwa unatuma au unatoa pesa wewe mwenyewe. Hakuna mkutubi, mhasibu wala mfanyakazi wetu anayeihitaji kwa lolote. Kama umeshaijaza mahali, ibadilishe sasa hivi, kabla hata ya kumaliza kusoma hapa, kisha utupigie.

Leo jedwali lake linafunguliwa na watu watatu tu: yeye, mhasibu na mwalimu mkuu. Mzazi anayetaka kujua deni lake anatuma ujumbe na kujibiwa lake peke yake. Linki ya fomu ya kweli imebandikwa kwenye mlango wa maktaba na imechapwa nyuma ya kadi ya maktaba ya kila mwanafunzi, ili mzazi asitegemee linki inayozunguka kwenye vikundi.

Kile kitabu cha kaunta bado kipo. Wazazi wengine wana simu za mulika mwizi, hawana intaneti, na wakishalipa huja wenyewe na simu mkononi. Mkutubi huwasomea ujumbe, huandika nambari ya muamala kwenye kitabu, nao hutia sahihi kando yake. Saa kumi jioni, wanafunzi wakienda michezoni, yeye na yule kijana wake hukaa kuhamisha mistari ya siku hiyo kwenye jedwali. Mmoja anasoma, mwingine anabonyeza. Kijana, kwa njia, alishakirudisha kile kitabu.