MAFUNDISHO KWA WENYE MAGARI: OILI IPI YAFAA SANDUKU LA GIA?

Dereva atokaye Machakos mjini kwenda Mitaboni hupita penye vilima vya Iveti, na safarini humo mkono wake haukai mbali na gia. Akipanda na mzigo, hana budi kurudi gia ya 2. Akiteremka, yampasa kutumia gia ndogo vilevile, ili injini isaidie kuzuia mwendo na breki zisipate moto kupita kiasi. Gia ikikataa kuingia wakati huo, gari hukimbia kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo habari ya oili ya gia si ya fundi peke yake. Yamhusu dereva, abiria wake, na hata mtu apitaye kando ya njia.

Watu wengi huingia dukani wakaomba oili “kali zaidi,” wakidhani kwamba namba kubwa ndiyo alama ya ubora. Hilo ni kosa. Juu ya mkebe huandikwa mambo mawili, na kila moja lina maana yake.

Jambo la kwanza ni uzito wa oili, kwa mfano 75W-90, 80W-90 au 85W-140. Namba iliyo mbele ya herufi W yaonyesha jinsi oili inavyotiririka penye baridi. Namba ya pili yaonyesha uzito wake ikiisha kupata moto. Oili ya 75W hupimwa katika baridi ya nyuzi 40 za Sentigredi chini ya sifuri, na ya 80W katika nyuzi 26 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haifiki Mitaboni, hata mwezi wa Julai. Lakini mtu asiseme kwamba, kwa kuwa hapa hakuna theluji, yafaa atie 140. Oili nzito mno hufanya gia ziwe ngumu kuingia asubuhi, wala haifiki upesi mahali pembamba. Tena namba hizi zisilinganishwe na zile za oili ya injini, maana vipimo vyake ni vingine: oili ya gia ya 90 yakaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50.

Jambo la pili ni daraja, yaani GL-4 au GL-5. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi, zilindazo meno ya chuma yanayosuguana kwa nguvu nyingi, kama yale ya difu. Lakini ndani ya giaboksi mna pete ndogo, ambazo mara nyingi hutengenezwa kwa madini yenye shaba. Pete hizo hushika gia kwa msuguano na kusawazisha mwendo wake kabla haijaingia. Ufundi huu ulitokea katika magari ya Cadillac ya Marekani mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva alikanyaga klachi mara mbili kila alipobadili gia. Oili ikiteleza kupita kiasi, pete haziwezi kushika. Na baadhi ya dawa za GL-5 hula shaba. Ndipo gia huanza kulia, na mwisho hukataa kuingia.

Hata hivyo, si kila giaboksi hutaka GL-4. Wako watengenezaji waruhusuo madaraja yote mawili, na wengine hutaka oili nyembamba ya gia za otomatiki. Motokaa ya Mini, iliyotokea Uingereza mwaka 1959, ilitumia oili moja kwa injini na gia. Basi kanuni ni hii: fuata kitabu cha gari lako. Ikiwa gari lilitoka Japani na kitabu chake ni cha Kijapani, usikate tamaa. Tafuta ukurasa wa oili, nawe utaona alama kama GL-4 na 75W-90 zimeandikwa kwa herufi tuzijuazo.

Wakati wa kubadili oili, simamisha gari mahali tambarare, likiwa lina moto kidogo, na uzuie magurudumu. Fungua kwanza kizibo cha kujazia. Kikikataa kufunguka, utakuwa bado hujamwaga oili ya zamani. Kisha fungua kizibo cha chini. Unga mwembamba wa chuma si jambo la kutisha, lakini vipande vya meno ni ishara ya kumwita fundi. Jaza mpaka oili ifike ukingoni mwa tundu la kujazia, isipokuwa kitabu kimeagiza vingine. Oili chafu usiimwage shambani wala mtoni.

Pikapu ndogo huhitaji kama lita 2 au 3 tu za oili ya gia, na oili hiyo hukaa muda mrefu. Gharama yake ni ndogo sana kuliko ya giaboksi mpya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.