Kalamu ya Risasi na Nyota ya Robo Hizbu



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazazi hutuuliza mara kwa mara: mtoto wetu anapenda kuchora, je, tumkataze? Wapo waliochana madaftari kwa kuogopa dhambi, na wapo wanaomwachia mtoto achore chochote. Sisi tunaona jambo hili linataka kubainishwa, kwani mtoto aliyekatazwa yote hukoseshwa na kile alichohalalishiwa.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kwamba mtu aliyekuwa akipata riziki kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (R.A.) kutaka fatwa. Ibn Abbas akamweleza makemeo ya Mtume (S.A.W.) juu ya watengenezaji picha, na alipomwona amefadhaika sana, akamwelekeza kwamba kama hana budi basi achore miti na vitu visivyo na roho. Kwa hiyo miti, majani, majengo, milima, ramani na nakshi ni uwanja mpana kwa mwanafunzi. Ama michoro ya wanyama na viungo vya mwili inayotakiwa skuli katika somo la baiolojia, wanavyuoni wamekhitilafiana, na wapo walioiruhusu kwa haja ya kujifunza. Ulizeni walimu wenu. Hapa tunafundisha kisicho na mzozo. Wallahu a'lam.

Sasa tukijue chombo chenyewe. Wazee wetu wengine waliiita penseli kalamu ya risasi, na Waarabu wanaiita hivyo mpaka leo. Lakini ndani yake hamna risasi. Madini haya yalipopatikana kwa wingi Borrowdale, Uingereza, katika karne ya 16, watu walidhani ni aina ya risasi, na jina likabaki. Kumbe ni kaboni, jamaa ya makaa. Kwa Kiswahili tunayaita kinywe, nayo yapo hapa Afrika Mashariki, katika ardhi ya Mahenge na Ruangwa, Tanzania. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, ambaye nchi yake ilikuwa vitani na haipati kinywe cha Uingereza, alisaga kinywe, akakichanganya na udongo wa mfinyanzi, kisha akauchoma mchanganyiko huo. Penseli za leo bado hutengenezwa kwa njia hiyo.

Na hapo ndipo zinapotoka zile herufi za ubavuni. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu: hiyo ni H, kutokana na neno la Kiingereza la ugumu. Kinywe kikizidi, huwa laini na nyeusi: hiyo ni B, kutokana na neno la weusi. Namba ikipanda, sifa huzidi. 4H ni ngumu kuliko 2H, na 6B ni nyeusi kuliko 2B. HB ipo katikati, nayo ndiyo iliyojaa madukani. Msinunue pakiti nzima yenye namba zote. Penseli tatu zinatosha: 2H, HB na 4B. Na aliye na HB peke yake asivunjike moyo, atapunguza na kuzidisha nguvu ya mkono.

Tatizo tunaloliona sana darasani ni mtoto kutaka weusi kwa kukandamiza penseli ngumu. Karatasi huchimbika, na ufutio hauondoi mfereji. Mwingine huanza mistari ya kupimia kwa 4B, kisha akifuta kazi yote huwa masizi.

Tufanye kazi moja pamoja. Wengi wetu tunaijua ile nyota ya pembe nane iliyomo katika msahafu wa Madina kuonesha robo ya hizbu (juzuu moja ina hizbu mbili, na hizbu ina robo nne). Tuichore katika karatasi yetu. Msahafu hauwekewi karatasi juu yake ili kufuatishia.

Chukua 2H na bikari. Chora duara la nusu kipenyo sentimita 6, kisha mstari upite katikati yake. Panua bikari zaidi kidogo, weka ncha mwisho mmoja wa mstari na ukate tao juu na chini. Fanya vivyo hivyo mwisho wa pili. Unganisha matao yanapokatana, utapata msalaba ulionyooka. Gawa pembe zake kwa njia hiyo hiyo, na duara litakuwa na nukta nane. Zihesabu 1 hadi 8. Unganisha 1, 3, 5 na 7, kisha 2, 4, 6 na 8. Hiyo ni miraba miwili iliyopandana. Pima: kila upande uwe kama sentimita 8 na nusu. Ukikuta 8 au 9, rudi kwenye bikari kabla ya kuendelea.

Sasa ndani ya kila mraba chora mwingine kwa umbali wa milimita 5, ili mistari iwe mikanda. Mikanda inakatana mahali 8. Ukizunguka na mkanda mmoja, upitishe juu, kisha chini, juu, chini, kama ukili wa mkeka. Ukishajua upi uko juu, pitia mistari hiyo kwa HB na ufute iliyobaki.

Kivuli ndicho kinachohuisha kazi. Kwa 4B, weka mistari myembamba iliyobanana kwenye mkanda wa chini, pale unapoingia chini ya mwenzake. Iwe nyeusi kabisa pembeni, ififie kwa upana wa kidole. Usisugue kwa kidole, jasho huacha madoa. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, na uanze kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Ncha ya 4B huisha upesi, basi ichonge mara kwa mara, wala usiiangushe, kwani huvunjika ndani kwa ndani.

Anayemaliza nyota achukue jani la mwembe au la mkarafuu, aliweke dirishani mwanga utokee upande mmoja, na alichore kwa penseli zile zile tatu: 2H kwa umbo, HB kwa mishipa, 4B upande usiopata mwanga.