Diski ya Nje Isipoonekana kwenye Kompyuta

Vikundi vya kuweka na kukopa, shule na kaya huhifadhi hesabu, picha na nakala za nyaraka katika diski ya nje. Kompyuta isipoitambua, yapasa kwanza kubaini: je, haikioni chombo chenyewe, au inakiona ila haiwezi kusoma yaliyomo? Tiba zake ni mbalimbali.

Anza na umeme. Diski ndogo ya inchi 2.5 hupata umeme kupitia waya wa USB. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Umeme ukipungua, diski haizunguki sawasawa. Badilisha waya, uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, kisha ujaribu kompyuta nyingine. Diski kubwa ya inchi 3.5 ina adapta yake, nayo ikaguliwe.

Sikiliza pia. Diski inayogonga au kukwaruza ina hitilafu ya mitambo ya ndani. Ichomoe mara moja, wala isifunguliwe nyumbani: kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi iliyo ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kuiweka kwenye jokofu, kama wanavyoshauriana wengine, huiletea unyevu tu. Hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake si ndogo.

Ikiwa inazunguka kwa utulivu, bonyeza pamoja vitufe vya Windows na X, ufungue sehemu ya kusimamia diski. Ikiwa imeorodheshwa bila herufi, ipe herufi. Huenda faili zikaonekana papo hapo. Kompyuta ikikutaka uifomati, kataa. Fomati ya haraka huondoa orodha ya faili, si faili zenyewe, lakini chochote kitakachoandikwa baadaye chaweza kuzifunika. Hata ukarabati wa makosa huandika juu ya diski. Kwa hiyo fundi anakili kwanza.

Programu za bure TestDisk na PhotoRec husaidia hapa. Yaliyookolewa yahifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si ile ile. Kwa kawaida PhotoRec hurejesha faili bila majina yake ya awali, hivyo utahitaji muda wa kuzipanga.

Diski ya kikundi ina majina na madeni ya wanachama. Mhazini akae na fundi hadi kazi iishe, na ahakikishe hakuna nakala inayobaki kwenye kompyuta ya fundi.