Fedha za tabianchi zitamfikiaje mkulima?

Swali: Tunasikia mabilioni ya fedha za tabianchi, ilhali mahindi yetu yanakauka shambani. Tutazipataje? – Mkulima, Makueni.

Jibu: Mwaka 2024, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mjini Baku, nchi tajiri zilikubali kuongoza utafutaji wa dola bilioni 300 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea ifikapo 2035. Sehemu kubwa ya fedha hizi huja kama mikopo kwa serikali, hivyo hazifiki mfukoni mwako. Mlango ulio karibu ni kaunti yako, iliyotunga kanuni za mfuko wake wa tabianchi mwaka 2015. Kamati za wadi hupendekeza miradi ya mfuko huo. Jiungeni katika kikundi, hudhurieni mikutano ya kamati hizo, ombeni bwawa la mchanga: maji yake hunywesha mifugo na mboga mvua inapokatika. Msipofika, wengine watawapangia.